Gharama ya Kujitoa: Jibu kwa Swali la Katibu Mmoja

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Barua ya mwaliko niliyoipata ilinitaka nizungumze juu ya utunzaji wa vitabu vya hesabu. Nimemwomba Ndugu Mwenyekiti ruhusa ya kuliweka somo hilo hadi kesho, naye amekubali; kwa maana liko jambo linalotangulia vitabu, nalo ni iwapo chama chenyewe kitakuwako ili kitunziwe vitabu hivyo.

Katika ukaguzi wa msimu huu nimesoma madaftari ya kumbukumbu za mikutano ya vyama vingi. Katika baadhi yake nimekuta hoja moja ikijirudia, kwamba chama kijitoe katika Chama Kikuu. Sababu zinazotolewa zinafanana: makato ni makubwa, malipo huchelewa, na mambo ya mkulima huamuliwa mjini na watu wasiomjua. Sizipuuzi sababu hizo. Nyingine nimezithibitisha mwenyewe katika vitabu, na nimeziandika katika taarifa zangu kwa wanaohusika.

Siku moja, baada ya kufunga hesabu, katibu wa chama kimojawapo alinikaribisha chai, akaniuliza: "Ndugu Mkaguzi, Waingereza walijitoa katika Umoja wa Ulaya. Tuliambiwa wataangamia. Mbona hawakufa?" Nilicheka, nikajibu maneno machache yasiyo na uzito, nikaondoka. Lakini swali lile lilinifuata njia nzima, kwa kuwa lilikuwa swali la haki, nami nilikuwa nimelijibu kama mtu asiyelijali. Leo nataka kulipa deni hilo.

Naomba nieleweke mapema. Sikuja kuwaambia mtoke, wala sikuja kuwaambia mbaki. Uamuzi huo ni mali ya mikutano yenu mikuu. Kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha kwamba mwenye mali anapoamua, anaamua akiwa na hesabu kamili mbele yake. Basi natuwafungulie Waingereza leja yao, tuisome pande zote mbili.

Jinsi walivyotoka

Uingereza iliingia katika jumuiya ya kiuchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Mwaka 1975 wananchi walipiga kura ya maoni, na thuluthi mbili hivi wakakubali kubaki. Ikapita miaka 41. Tarehe 23 Juni 2016 wakaulizwa tena: nchi ibaki katika Umoja wa Ulaya, au itoke? Asilimia 51.9 walisema itoke, na asilimia 48.1 walisema ibaki. Waliotaka kutoka walikuwa watu milioni 17.4, na waliotaka kubaki milioni 16.1. Kutoka huko ndiko dunia nzima ilikokuita Brexit.

Waliotaka kutoka hawakuwa wajinga. Walisema michango inayopelekwa Brussels ni mikubwa. Walisema sheria hutungwa na watu ambao Mwingereza hawezi kuwaondoa kwa kura yake. Na walisema nchi yao imepoteza mamlaka ya kuamua nani aingie na nani asiingie. Ukiyaweka maneno hayo karibu na yale niliyoyasoma katika madaftari yenu, utaona kwamba ni ndugu.

Lakini itazameni karatasi yao ya kura. Ilikuwa na majibu mawili tu, kubaki au kutoka. Haikusema watoke kwa namna gani. Je, wataendelea kuuziana bidhaa na Ulaya bila ukaguzi? Mpaka wa Ireland utakuwaje? Mzee aliyehamia Hispania atatibiwa na nani? Yote hayo yaliachwa yajadiliwe baada ya kura. Matokeo yake, Waziri Mkuu David Cameron alitangaza kujiuzulu siku iliyofuata. Aliyempokea, Theresa May, aliona mapatano yake yakikataliwa na Bunge mara tatu katika mwaka 2019. Siku ya kutoka, iliyokuwa imepangwa kuwa tarehe 29 Machi 2019, iliahirishwa tena na tena hata ikafika tarehe 31 Januari 2020, wakati wa Boris Johnson. Hata hapo kulikuwa na kipindi cha mpito hadi tarehe 31 Desemba 2020, na mkataba wa biashara ulikubaliwa tarehe 24 Desemba, siku saba tu kabla ya kipindi hicho kwisha.

Wala aliyetoka hakusamehewa madeni. Ahadi za fedha alizozitoa akiwa mwanachama zilibaki shingoni mwake. Serikali ya Uingereza yenyewe ilikadiria kuwa zingefika kati ya pauni bilioni 35 na 39.

Hayo ni mambo ya wakubwa. Sasa tushuke kwa watu wa kawaida, kwa sababu ndiko bili ilikopelekwa. Nitawataja watu watatu: mnunuzi, msafiri, na mstaafu.

Madukani

Mnunuzi aliguswa kwanza na thamani ya fedha. Usiku ule wa kuhesabu kura pauni ilianguka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 31. Nchi inayonunua zaidi ya robo ya chakula chake Ulaya haiwezi kuona fedha yake ikishuka na bei za dukani zikabaki pale pale.

Kisha ukaja mkataba wa biashara. Mkataba huo ulifuta ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotoka Uingereza na Ulaya zenyewe, na wengi wakadhani kwamba hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo ulipo mtego, Ndugu zangu. Ushuru si gharama pekee iliyoko mpakani. Kuna karatasi. Nyama, jibini na maziwa kutoka Uingereza vilianza kuhitaji hati ya afya iliyosainiwa na daktari wa mifugo kabla ya kuingia Ulaya. Kila shehena ilitakiwa tamko la forodha. Kila bidhaa ilitakiwa ithibitishwe ilikotengenezwa, kwa maana nguo iliyoshonwa Asia haiwi ya Kiingereza kwa kulala katika ghala la London. Ninyi makatibu mnajua kwamba karatasi ina mwandishi, mwandishi ana mshahara, na mshahara huo lazima utoke mahali. Ulitoka katika bei ya chakula. Watafiti wa London School of Economics walikadiria mwaka 2023 kwamba vizuizi hivyo vilikuwa vimemwongezea kila mwenye nyumba gharama ya chakula ya pauni 250 hivi tangu mwisho wa mwaka 2019.

Kwa upande wa bidhaa zinazoingia, Uingereza yenyewe iliahirisha ukaguzi wake mara kadhaa kwa kuogopa rafu tupu na bei kupanda. Hati za afya zilianza kudaiwa tarehe 31 Januari 2024, na ukaguzi wa mzigo wenyewe tarehe 30 Aprili 2024. Wafanyabiashara wadogo wa jibini, soseji na miche walilalamika kuliko wakubwa, kwa sababu ada ya mpakani haiulizi kama mzigo ni wa gari zima au wa masanduku machache. Duka kubwa la Marks & Spencer liliamua mwaka 2021 kufunga maduka yake 11 nchini Ufaransa, kwa kuwa chakula kibichi kilichotoka Uingereza hakikuweza tena kufika kwa wakati.

Na kifurushi cha posta? Tufanye hesabu, maana hesabu haina chama. Mtu wa Manchester ameagiza koti la pauni 200 kutoka duka la Italia, lakini koti lenyewe limeshonwa Asia. Zamani lilifika mlangoni kwa pauni 200 na nauli, basi. Sasa litozwe ushuru wa asilimia 12, yaani pauni 24. Juu ya jumla hiyo ya pauni 224 itozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, yaani pauni 44 na senti 80. Kampuni iliyoleta kifurushi nayo idai ada ya kushughulikia karatasi, tuseme pauni 10. Jumla ni pauni 278 na senti 80. Iwapo mwenye duka hakuondoa kodi ya kwao katika bei yake, mnunuzi amelipa kodi mara mbili. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2021 watu wengi walipokea bili za namna hiyo mlangoni wasielewe zimetoka wapi, wengine wakarudisha vifurushi.

Hata maua ya Afrika Mashariki yaliguswa. Maua mengi ya Kenya hupitia kwanza katika minada ya Uholanzi ndipo yaende Uingereza. Kenya iliwahi kutia saini mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020 ili bidhaa zake ziendelee kuingia bila ushuru. Lakini ua lililopitia nchi ya tatu lilikuwa na mashaka, hata Uingereza ikasimamisha kwa muda, mwaka 2024, ushuru wa asilimia 8 uliokuwa juu ya maua. Tazameni jinsi mwanachama mmoja akitoka katika chama cha mbali, mkulima wa Naivasha analazimika kusoma mikataba upya.

Safarini

Msafiri wa Kiingereza alikuwa amezoea kwenda Ufaransa au Ugiriki kama mtu anavyokwenda wilaya ya jirani. Sasa yeye ni mgeni kama wageni wengine. Anaruhusiwa kukaa siku 90 katika kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote za eneo la Schengen pamoja. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo wa kuandikisha alama za vidole na picha za wageni wanapoingia, badala ya kugonga mihuri katika pasipoti.

Pasipoti yenyewe imekuwa na mambo. Ulaya hutaka iwe haijatimiza miaka 10 siku ya kuingia, na iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka. Zamani, hadi mwaka 2018, Uingereza ilikuwa na desturi ya kumwongezea mtu miezi iliyobaki katika pasipoti ya zamani, hadi miezi tisa, juu ya ile miaka 10. Basi wako watu waliofika uwanja wa ndege na pasipoti ambayo, kwa macho yao, ilikuwa bado hai, wakazuiwa kupanda ndege kwa kuwa ilikuwa imepita miaka 10 tangu itolewe. Fedha za safari zikapotea kwa sababu ya tarehe ambayo hakuna aliyewahi kuisoma.

Mwezi Januari 2021 televisheni ya Uholanzi ilionyesha maofisa wa forodha wakiwanyang'anya madereva waliotoka Uingereza kwa meli mikate yao iliyotiwa nyama. Sheria ya Ulaya hairuhusu mtu anayetoka nje ya Umoja kuingia na nyama wala maziwa, na Mwingereza sasa alikuwa mtu wa nje. Watu walicheka. Lakini mimi nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria yule dereva. Bila shaka alisikia maneno mengi katika kampeni, juu ya mamlaka, juu ya mipaka, juu ya mabilioni. Sidhani kama kuna aliyesimama jukwaani akamwambia: ndugu, na chakula chako cha mchana nacho kimo katika kura hii.

Kadhalika mbwa. Nchini mwao mbwa husafiri na bwana wake, na alikuwa na hati yake ya Ulaya iliyotumika miaka na miaka. Hati hiyo ikitolewa Uingereza haitambuliwi tena. Kwa kila safari kutoka Uingereza mbwa hutafutiwa hati mpya ya afya kwa daktari wa mifugo, na mara nyingi bei yake hupita pauni 100. Baadhi ya makampuni ya simu yakarudisha malipo ya ziada kwa mteja anayetumia simu Ulaya, malipo ambayo sheria ya Umoja ilikuwa imeyafuta mwaka 2017. Na katika bandari ya Dover, siku za likizo za Julai 2022 na Pasaka ya 2023, magari yalipanga foleni ndefu, na mabasi ya abiria, mengine yakiwa na wanafunzi, yakangoja hata usiku kucha. Miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba kila pasipoti sasa ilitakiwa kutazamwa na kugongwa muhuri.

Uzeeni ugenini

Mtu wa tatu ndiye anayenisikitisha zaidi. Waingereza wengi wana desturi ya kustaafu na kuhamia penye jua. Nchini Hispania peke yake waliandikishwa Waingereza zaidi ya robo milioni, wastaafu wakiwa miongoni mwao. Wengi wao hawakuwa matajiri. Walikuwa walimu, wauguzi, madereva wa mabasi, waliouza nyumba ndogo kwao wakanunua nyumba ndogo pwani ya Hispania.

Mapigo yalianza kabla nchi haijatoka. Mstaafu hupokea pensheni kwa pauni, lakini hununua mkate kwa yuro. Siku ya kura pauni moja ilibadilishwa kwa karibu yuro 1.30. Kufikia mwisho wa Agosti 2017 ilikuwa imeshuka chini ya yuro 1.10. Mzee mwenye pensheni ya pauni 600 kwa mwezi alikuwa akipata yuro 780. Sasa akapata chini ya yuro 660. Amepoteza zaidi ya yuro 120 kwa mwezi, wala hakuna aliyempunguzia pensheni.

Waliokwisha kuhamia kabla ya tarehe 31 Desemba 2020 walilindwa na mkataba wa kujitoa: ukaazi wao, matibabu yao, na nyongeza ya pensheni ya kila mwaka. Hilo yafaa lisemwe kwa haki. Lakini hata wao walipambana na karatasi. Tarehe 1 Mei 2022 leseni za udereva za Kiingereza zilikoma kutumika kwa wakaazi wa Hispania, kwa kuwa mapatano yalikuwa hayajafikiwa. Kwa miezi kumi na nusu, hadi katikati ya Machi 2023, wazee wanaokaa mbali na hospitali na masoko waliyaegesha magari yao. Baadhi ya mabenki ya Uingereza nayo yaliwaandikia wateja wake walioko Ulaya kwamba akaunti zao zinafungwa, kwani ruhusa ya kufanya kazi Ulaya nzima ilikuwa imekwisha.

Wako tena wale wenye nyumba Ulaya ila hawakujiandikisha kuwa wakaazi. Walizoea kukaa huko majira yote ya baridi. Sasa akiingia tarehe 1 Januari, siku zake 90 zinakwisha tarehe 31 Machi, na hawezi kurudi hadi tarehe 30 Juni isipokuwa kwa viza. Nyumba ni yake, kodi yake hulipa, funguo anazo mfukoni, lakini kalenda si yake. Nchini Ufaransa wabunge walijaribu kuwapa Waingereza wa namna hiyo viza moja kwa moja, lakini Baraza la Katiba lilikifuta kifungu hicho tarehe 25 Januari 2024.

Na wanaotaka kustaafu sasa? Hispania humtaka mgeni asiyefanya kazi aonyeshe kipato cha yuro 2,400 kwa mwezi, na yuro 600 zaidi kwa mwenzi wake, kwa viwango vya mwaka 2025. Kwa mume na mke hizo ni yuro 36,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza, katika mwaka wa fedha wa 2025/26, ilikuwa pauni 230 na senti 25 kwa wiki, yaani karibu pauni 12,000 kwa mwaka. Wawili wakiziunganisha hupata pauni 24,000 hivi, ambazo hazifiki hata yuro 30,000. Kwa hiyo tajiri bado anapita. Dereva wa basi na mkewe, wenye pensheni ya serikali tu, hawapiti. Nchi pekee ya Umoja iliyobaki wazi kwao kama zamani ni Ireland, kwa sababu ya mapatano ya zamani ya nchi hizo mbili.

Sasa nawaomba msikilize jambo moja kwa makini. Katika kura ile ya mwaka 2016 Mwingereza aliyekuwa amekaa nje ya nchi zaidi ya miaka 15 hakuruhusiwa kupiga kura. Yaani wazee wengi walioguswa kuliko wote hawakuulizwa. Mzee mmoja, Harry Shindler, aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili na kuishi Italia, alikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo, asishinde. Kanuni yenyewe ilikuja kufutwa kwa sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2024. Yeye alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 101.

Upande wa mapato

Mkaguzi anayesoma upande mmoja wa leja si mkaguzi. Waingereza walipata nini? Michango ya kila mwaka ya uanachama ilikoma. Msafiri atokaye Ulaya anaweza kununua pombe na sigara zisizotozwa ushuru, kwa kiwango kilichowekwa, jambo lililokuwa limekoma mwaka 1999. Kodi iliyokuwa juu ya taulo za hedhi za wanawake ilifutwa tarehe 1 Januari 2021. Nchi iliweza kufunga mikataba yake yenyewe na Australia na New Zealand, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Na sheria zao sasa hutungwa na Bunge lao. Kwa wengi hilo peke yake lilitosha, wala si juu yangu kuliwekea bei. Juu ya wahamiaji, mamlaka yalirudi nyumbani, lakini idadi haikupungua. Ilipanda hata kuvunja rekodi mwaka 2023, kisha ikashuka.

Tena si kila bei iliyopanda ni ya kujitoa. Ugonjwa wa UVIKO-19 na vita vya Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022 vilipandisha bei dunia nzima. Anayeubebesha uamuzi mmoja lawama zote hakagui, anashtaki.

Hata hivyo, tarehe 19 Mei 2025 serikali ya Uingereza na viongozi wa Umoja wa Ulaya walikutana London, wakakubaliana kutafuta mapatano ya kupunguza ukaguzi wa vyakula mpakani. Aliyetoka amerudi mlangoni, si kuingia, ila kuomba baadhi ya vile alivyokuwa navyo.

Kwetu

Wala hatuna haja ya kwenda mbali sana. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni yake ulitiwa saini mwaka 1984, na wazee waliofanya kazi katika reli, posta na bandari za Jumuiya walihangaika kwa miaka mingi wakidai mafao yao. Viongozi waliovunja walikuwa na sababu zao. Wazee wa reli walikuwa na vyeti vyao vya kazi mikononi.

Basi, Ndugu makatibu, hoja ya kujitoa ikiletwa katika mkutano mkuu wenu, msiizuie. Iandikeni, lakini iandikeni kwa ukamilifu. Iseme chama kitatoka lini na kwa namna gani. Iambatanishwe na orodha ya madeni na hisa zilizoko Chama Kikuu, na jinsi zitakavyolipwa. Iambatanishwe pia na orodha ya vitu ambavyo chama huvipata pasipo kuviona: nani hupeleka mizani kupimwa, nani hutafuta magunia kabla ya msimu, nani hudhamini mkopo wa pembejeo, nani husimama mnadani. Vitu visivyo na bei katika vitabu ndivyo husahaulika siku ya kura, na ndivyo hudaiwa bei siku inayofuata. Kisha jiulizeni ni nani hayupo mkutanoni: mjane asiyepata taarifa, mzee asiyeweza kutembea, mwanachama aliyehamia kwa mwanawe. Hao ndio wastaafu wenu wa Hispania.

Nanyi Ndugu wajumbe wa Bodi ya Chama Kikuu, msifurahi mapema kwa maneno yangu. Waingereza walikaa katika Umoja miaka zaidi ya 40, na wengi wao hawakuelezwa unawafanyia nini. Waliposikia habari zake walisikia makato na makatazo. Mwanachama asiyeonyeshwa faida atahesabu hasara, na atakuwa na haki. Bandikeni makato kwenye mbao za matangazo za kila chama, shilingi kwa shilingi. Lipeni kwa wakati. Majibu ya barua za vyama yasikae mezani msimu mzima.

Sasa namjibu yule katibu, ambaye namwona ameketi hapa. Ndugu Katibu, ni kweli, Waingereza hawakufa. Nchi kubwa haifi kwa kura moja. Ila bili ililetwa, nayo haikupelekwa kwa waliohutubia. Ilipelekwa kwa mwenye kapu dukani, kwa dereva mwenye mkate wake, na kwa mzee aliyedhani amemaliza kazi ya kuhesabu. Nchi tajiri iliweza kuilipa kidogo kidogo. Kabla chama chako chenye wanachama wachache na ghala moja hakijapiga kura, nakuomba uiandike bili hiyo ubaoni, wanachama waisome, kisha waamue wenyewe.

Kesho saa tatu asubuhi tutaanza somo la vitabu vya hesabu. Kila katibu aje na leja yake.